Mgongo Uliopinda: Jinsi Usawa wa Mwili Unavyopimwa

Mtu mzima mwenye kibiongo, au ambaye uti wa mgongo wake umepinda upande, hujulikana kwa kutazamwa tu. Kisichoonekana kwa macho ni kama yuko katika hatari ya kuanguka. Wapo waliopinda sana ambao huenda sokoni na kurudi na mzigo bila shida. Wapo pia walioinama kidogo tu, lakini kila mara huponea chupuchupu kwenye kizingiti cha mlango. Ndiyo sababu usawa wa mwili hupimwa, haukisiwi.

Fundi wa ujenzi hushusha timazi ili ajue kama ukuta umesimama wima. Daktari hufanya vivyo hivyo kwenye picha ya eksirei. Mstari hushushwa kutoka pingili ya saba ya shingo, ile inayojitokeza mtu anapoinamisha kichwa, hadi kwenye mfupa ulio chini ya kiuno, kati ya nyonga mbili. Mstari ukipita zaidi ya sentimita 5 mbele ya ukingo wa nyuma wa mfupa huo, uzito wa mwili umehamia mbele na misuli inachoka kuuzuia. Picha hiyo lazima ipigwe mgonjwa akiwa amesimama, kwa sababu mgongo uliolazwa haubebi uzito.

Hata akiwa amesimama, mwili huficha. Mwenye mgongo ulioinama hukunja magoti kidogo bila kujua, na hapo huonekana amenyooka kuliko alivyo. Mpimaji makini humwomba anyooshe magoti, kisha humtazama tena baada ya kutembea dakika chache. Mara nyingi mwinamo huongezeka misuli inapochoka.

Vipimo vingine havihitaji mashine. Mgonjwa huegemeza visigino na makalio ukutani, akitazama mbele, na nafasi kati ya kisogo na ukuta hupimwa kwa rula. Nambari hiyo huandikwa ili ilinganishwe na ya miezi ijayo. Halafu kuna kipimo cha kiti: anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi na kuketi, akiruhusiwa kutumia mkongojo wake wa kila siku. Kwa wazee, sekunde 12 au zaidi ni ishara ya hatari. Saa si kila kitu, lakini. Anayejishika ukutani au kuyumba anapogeuka anahitaji kuangaliwa hata akimaliza mapema.

Mwishowe husimama akiwa ameweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Mzee asiyeweza kukaa hivyo kwa sekunde 10 yumo hatarini. Kipimo hiki kisijaribiwe nyumbani mtu akiwa peke yake. Msaidizi asimame karibu, tayari kumshika.

Chanzo cha kupinda nacho hutafutwa. Kwa wazee, hasa wanawake, mifupa iliyopungua nguvu huweza kuvunjika pingili moja baada ya nyingine, wakati mwingine bila kuanguka. Kifua kikuu pia hushambulia uti wa mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa. Maumivu ya mgongo yasiyoisha yakiambatana na homa, jasho la usiku au kukonda yasichukuliwe kuwa uzee. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma.

Miguu ikilegea ghafla, ikifa ganzi, au mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako wanaweza kuelekezwa kwa mtaalamu wa tibamaungo. Mgonjwa aende na viatu anavyovaa kila siku na dawa zote anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi huleta kizunguzungu.