Mashauri ya Ardhi: Baraza la Wazee na Baraza la Sheria

Mashauri ya ardhi katika nchi yetu ya Tanzania hayapungui, na mengi ya hayo si kati ya watu wasiojuana, bali ni kati ya ndugu walionyonya titi moja, au kati ya mjane na mashemeji zake. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza leo jinsi mila na sheria zinavyosaidiana katika jambo hili, na mahali zinapogongana. Wako wasemao ya kwamba mahakama huvunja ukoo, basi heri mambo yaishie nyumbani. Wako wengine wasemao ya kwamba wazee wamekwisha kununuliwa kwa pombe, basi heri kwenda moja kwa moja kwa hakimu. Sisi hatukubaliani na wale wala na hawa.

Tuanze na mila. Katika mlima wa Kilimanjaro, Wachagga hupanda sale penye mpaka wa kihamba. Mmea huo huo ndio utumikao kuombea radhi: aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la sale, naye aliyepelekewa huona vigumu sana kukataa kusamehe. Hatudhani kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu. Watu waliopakana watapakana kesho na kesho kutwa. Hunywesha migomba yao kwa mfereji mmoja, na Jumapili hukaa katika benchi moja kanisani. Ndiyo maana baraza la wazee haliulizi tu, "Nani mwenye haki?" Huuliza pia, "Je, mtaishije baada ya leo?" Hakimu akatapo shauri hufunga faili akaendelea na lingine, lakini aliyeshinda na aliyeshindwa hurudi kwa njia ile ile moja. Kwa sababu hiyo twasema bila kusita: ugomvi wa hatua mbili za mpaka, penye mashahidi waliouona mpaka ukipandwa, mahali pake ni kwa wazee.

Lakini mila ina udhaifu wake, nao hauna budi kutajwa. Mzee aketiye kuamua ni nani? Ugomvi ukiwa kati ya majirani wawili, mzee aweza kusimama katikati. Ukiwa kati ya mjane na ukoo wa marehemu mumewe, basi ukoo ndio mdai, na ukoo huo huo ndio mwamuzi.

Neno hili si geni kwa watu wa Mungu. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, twasoma habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa pasipo mtoto wa kiume, na kwa desturi ya siku zile jina lake na fungu lake vingepotea. Mabinti hao hawakunung'unika pembeni: walisimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakuu wote, wakadai. Musa hakujifanya kujua; alilipeleka shauri lao mbele ya Bwana, nao wakapewa haki. Wasomaji wengi huishia hapo. Tunawasihi wasome na sura ya 36, maana huko wazee wa ukoo walikuja na hoja yao: mabinti hawa wakiolewa katika kabila lingine, ardhi ya ukoo itahama. Hoja hiyo nayo ilisikilizwa. Mabinti hawakunyang'anywa urithi, ila waliagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Haki ya binti na hofu ya ukoo ziliwekwa mezani pamoja.

Shauri linalofanana sana na hilo lilitokea kwetu, katika wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, akiwa mzee asiye na mtu wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwanamume wa ukoo wake akashtaki. Alikuwa na kanuni ya kutegemea: Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika sheria za mila za urithi, lilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, bali si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikaubatilisha uuzaji ule. Mahakama ya Wilaya ikaukubali. Mwisho shauri likafika Mahakama Kuu ya Mwanza mbele ya Jaji Mwalusanya, naye mwaka 1990 akaamua ya kwamba kanuni hiyo yapingana na Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ya kwamba mwanamke ana uwezo ule ule alio nao mwanamume.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa na wengi. Lakini Jaji hakuitupa mila yote motoni. Mila ya Wahaya yampa mtu wa ukoo nafasi ya kulikomboa shamba lililouzwa nje, kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Hiyo aliihifadhi, akaifungua kwa wanaume na wanawake sawasawa, akampa mlalamikaji miezi 6 ya kulipa zile shilingi 300,000, la sivyo shamba liwe la mnunuzi. Kwa maneno mengine, aliuambia ukoo: mkilipenda shamba la babu zenu, lipeni, msimlipishe mwanamke mzee mapenzi yenu. Sisi twaona hukumu hiyo ni ya haki na ya hekima pia, ingawa wako wazee wa Bukoba ambao wangetubishia hata jua litue.

Bunge lilifuata njia hiyo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo yaitambua hakimiliki ya kimila kuwa sawa na hati itolewayo na Serikali. Lakini yasema pia kwamba mila imnyimayo mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi ni batili. Hata hivyo mambo hayakunyooka yote. Mwaka 2006, katika shauri la wajane wawili, Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zile za 1963 zina ubaguzi, lakini haikuzifuta.

Sasa ngazi zenyewe. Kijijini lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, na 3 kati yao sharti wawe wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Juu yake ni Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Sheria ya mwaka 2002 ilipoliunda Baraza la Wilaya ilimweka mwanasheria kuwa mwenyekiti, na kando yake wazee wa baraza wawili, ambao sharti watoe maoni yao kabla ya hukumu. Hivyo hata sheria haikuthubutu kuketi bila wazee.

Twaomba msomaji atulie hapa kidogo. Hadi mwaka 2021 Baraza la Kata liliweza kukata mashauri ya ardhi ya thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, na Baraza la Kata likabaki na kazi ya usuluhishi tu. Likishindwa, hutoa hati ya kueleza hivyo, na mdai huenda nayo Wilayani. Siku 30 zikipita bila suluhu, aweza kwenda hata bila hati hiyo. Basi mjane akiambiwa na mjumbe, "Tumekuhukumu, toka shambani," ajue kwamba mjumbe huyo hana tena uwezo huo. Na akiambiwa, "Tia dole gumba ili amani irudi," ajue ya kwamba suluhu ni hiari. Nabothi wa Yezreeli naye aliletewa baraza la wazee wa mji wake, na mashahidi wawili, na mfungo juu yake. Kila kitu kilifuata utaratibu, na shamba la mizabibu likachukuliwa.

Mashauri mengi yaitwayo ya ardhi kwa kweli ni ya mirathi. Baba amekufa, hakuna msimamizi aliyeteuliwa, na kila mtoto amelima alipoweza. Hapo kikao cha ukoo kina kazi njema: kumpendekeza msimamizi, kuandika majina ya warithi wote, na kumpeleka Mahakama ya Mwanzo athibitishwe. Asiyeteuliwa hawezi kuidai mahakamani ardhi ya marehemu. Naye aliyeteuliwa si mrithi wa yote; ni mtumishi, na hutoa hesabu. Wala tusilale: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Kwa wale wanaoketi kusuluhisha, wakiwamo makatekista na viongozi wa jumuiya ambao mara nyingi huitwa kwanza, twaomba haya. Fikeni shambani penyewe, mwone mipaka kwa macho, pamoja na majirani wa pande zote nne. Aliye ndugu wa mmoja wa wagombanao asiketi kuamua. Mwanamke aje na mtu amwaminiye, naye apewe nafasi ya kusema kabla ya wanaume wa ukoo hawajamaliza hoja zao zote. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yasomwe kwa sauti mara mbili, yaoneshe mpaka unaanzia mti gani na kuishia mti gani, tena yasitiwe sahihi siku ile ile ikiwa mmoja ameomba muda wa kufikiri. Nakala ziwe tatu: moja ya kijiji, na moja kwa kila upande; na ile ya mjane akae nayo mwenyewe, isiwekwe kwa shemeji.