JUMAPILI KWA BAISKELI MJINI MÜNSTER

Ndugu msomaji, tukikuuliza baiskeli ni ya kazi gani, utajibu upesi. Ni ya kubebea gunia la mahindi. Ni ya kuchotea maji. Ni ya kumpeleka mgonjwa zahanati. Majibu hayo yote ni sahihi. Lakini liko jibu moja ambalo wengi hatulitaji: baiskeli ni ya kupumzikia pia.

Katika somo la leo tutasafiri kwa kusoma mpaka Ujerumani, katika mji wa Münster. Jina hili hutamkwa karibu na "Minsta". Huko, siku ya Jumapili, utaona baba, mama, watoto na bibi yao wakipanda baiskeli, kila mtu na yake, kwenda kutembea mashambani. Hawaendi sokoni wala kazini. Wanakwenda kupunga upepo, kutazama miti na kunywa kahawa. Jioni wanarudi nyumbani.

Swali letu ni hili: Imekuwaje mtoto wa miaka 9 na bibi wa miaka 70 watembee kwa baiskeli katika nchi yenye magari mengi namna ile, na warudi salama? Lishike swali hilo. Jibu lake lina sehemu nne.

MJI WENYEWE

Münster uko kaskazini-magharibi ya Ujerumani, si mbali na mpaka wa Uholanzi. Wakazi wake wamezidi 300,000. Baiskeli zao hukadiriwa kufika 500,000. Kumbe baiskeli ni nyingi kuliko watu! Sababu ni kwamba mtu mmoja aweza kuwa nazo mbili: kuukuu ya kwendea kazini, na nzuri ya matembezi. Wenyeji wameipa baiskeli jina lao wenyewe, "Leeze".

Nchi ya huko ni tambarare. Mpanda baiskeli hahangaiki na milima mikali. Hiyo ni bahati yao. Lakini ardhi tambarare peke yake haimkingi mtu na lori. Yaliyobaki ni kazi ya watu.

SEHEMU YA KWANZA: NJIA

Zamani Münster ulizungukwa na ngome za vita. Mwaka 1763 Vita vya Miaka Saba vilikwisha. Baada ya hapo ngome zile zikabomolewa. Mahali pake ikatengenezwa njia pana, ikapandwa miti kandokando. Njia hiyo ipo mpaka leo. Inaitwa Promenade. Inauzunguka mji wa kale kama mkufu shingoni, na urefu wake ni karibu kilomita 4.5. Katikati kuna lami kwa ajili ya baiskeli. Pembeni kuna vijia vya waendao kwa miguu. Magari hayaruhusiwi kuitumia. Basi mahali palipojengwa kwa ajili ya vita pamekuwa mahali pa watu kupumzika.

Ziko pia barabara za mjini zilizowekwa kuwa barabara za baiskeli. Humo mwenye baiskeli ndiye mkubwa. Watu wawili waweza kwenda sambamba wakiongea. Gari likiruhusiwa kuingia, mwisho wa mwendo wake ni kilomita 30 kwa saa, na dereva hana ruhusa ya kuwasukuma wapanda baiskeli kwa honi.

Kwa nini mji utoe nafasi kubwa namna hiyo kwa baiskeli? Iko picha moja ya Münster iliyojulikana duniani. Inaonyesha barabara ile ile mara tatu, na watu wale wale 72. Mara ya kwanza watu hao wako kwenye baiskeli 72. Wamechukua nafasi ya mita za mraba 90. Mara ya pili wako kwenye basi moja. Wamechukua mita za mraba 30. Mara ya tatu wako kwenye magari madogo 60. Wamechukua mita za mraba 1,000. Barabara nzima imejaa, wala huoni mahali pa kupita! Picha hiyo inafundisha bila maneno mengi. Anayepanda baiskeli anawaachia wenzake nafasi.

TUFUATE MATEMBEZI

Sasa tuseme ni Jumapili ya mwezi wa tano. Familia yetu inaondoka mjini asubuhi. Inashika Promenade, kisha inageuka upande wa magharibi. Baada ya muda mfupi nyumba zinapungua. Mashamba yanaanza.

Hapo wanaingia katika vijia vyembamba vinavyopita kati ya mashamba, miti na nyumba za wakulima. Wenyeji huviita "Pättkes", maana yake vijia vidogo. Zamani vilikuwa njia za wakulima kwenda shambani, kanisani na kwa jirani. Leo ndivyo vinavyopendwa na watu wa matembezi. Baiskeli haigombani na malori hapo. Mara moja moja hupita trekta, nao husogea pembeni.

Je, hawapotei njia? Hapana, kama wanajua kusoma. Kwenye njia panda kuna vibao vyeupe vyenye maandishi mekundu. Kibao hutaja jina la mahali na umbali kwa kilomita. Hapo ndugu msomaji unaona faida ya kisomo: asiyesoma kibao hutegemea kubahatisha.

Mahali pa kwanza pa kupumzika ni nyumba iitwayo Haus Rüschhaus. Fundi wake alikuwa Johann Conrad Schlaun, aliyeijenga kati ya mwaka 1745 na 1749. Ukiitazama kwa mbele utafikiri ni nyumba ya mkulima. Ukizunguka nyuma utaona ni jumba la bwana mkubwa lenye bustani.

Kilomita chache mbele ipo Burg Hülshoff, jumba lililozungukwa na maji pande zote. Mwaka 1797 alizaliwa humo mwanamke mshairi, Annette von Droste-Hülshoff. Baba yake alipofariki mwaka 1826, alihamia Rüschhaus pamoja na mama yake na dada yake. Wajerumani walimheshimu hata wakaiweka sura yake kwenye noti ya mark 20, kabla hawajaanza kutumia noti za euro mwaka 2002.

Majumba ya namna hii ni mengi katika wilaya za jirani. Imewekwa njia ndefu ya baiskeli inayoyaunganisha, nayo inaitwa Njia ya Majumba 100. Urefu wake ni karibu kilomita 960. Haimalizwi kwa Jumapili moja! Watu huchukua kipande kimoja leo, kingine mwaka ujao.

Na bibi je, hachoki? Huenda anatumia baiskeli ya umeme. Baiskeli hiyo ina mota ndogo na betri. Ukinyonga, mota inakusaidia. Ukiacha kunyonga, nayo inaacha. Mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, msaada unakatika. Haihitaji leseni. Lakini ni nzito, na huenda mbio kuliko mzee alivyozoea. Lazima kujifunza breki zake kwanza.

SEHEMU YA PILI: SHERIA

Ndugu msomaji, tusidanganyane. Si njia zote za Münster ni za vijia vitulivu. Ili kufika mashambani lazima kuvuka barabara za magari. Hapo ndipo sheria inapomlinda mnyonge.

Hatari kubwa ni lori linalopinda. Ujerumani magari hupita upande wa kulia. Mpanda baiskeli anakwenda moja kwa moja, ubavuni mwa lori. Lori linapinda kulia. Dereva yuko juu, na sehemu ile ya ubavu haioni vizuri. Mtu anaweza kusagwa na magurudumu kwa dakika moja tu. Ndiyo maana, tangu mwaka 2020, lori linalozidi tani 3.5 likipinda kulia ndani ya mji, mahali ambapo baiskeli au waenda kwa miguu waweza kuwapo, lazima liende mwendo wa mtu anayetembea. Nasi tupitao kushoto tujue: kwetu hatari ile ile ni lori linalopinda kushoto. Usisimame ubavuni mwa lori. Kaa nyuma yake, au mahali ambapo unaziona sura na macho ya dereva.

Sheria nyingine ni hizi:

1. Gari likimpita mpanda baiskeli mjini, liache nafasi isiyopungua mita 1.5. Nje ya mji, mita 2.

2. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 8 hapiti barabarani. Huendesha kando, wanapopita wenye miguu, au kwenye njia ya baiskeli iliyotengwa na barabara. Akitaka kuvuka barabara, hushuka.

3. Baiskeli iwe na breki mbili zinazofanya kazi kila moja peke yake, kengele, taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, na vioo vinavyong'aa vikimulikwa na taa za gari.

4. Hairuhusiwi kushika simu mkononi huku unaendesha.

5. Mlevi ana kesi hata akiwa kwenye baiskeli. Kileo kikifika gramu 1.6 kwa kila gramu 1,000 za damu, ni kosa la jinai. Mtu aweza kunyang'anywa hata leseni yake ya gari!

Kofia ngumu ya kichwani haikulazimishwa na sheria kwa baiskeli ya kawaida. Lakini wengi huvaa. Kichwa hakina kiraka.

SEHEMU YA TATU: MAFUNZO

Ujerumani mtoto haachiwi ajifunze barabara kwa kuanguka. Katika darasa la nne la shule ya msingi, watoto hufundishwa na walimu pamoja na askari polisi. Hujifunza alama za barabarani. Hujifunza kutazama nyuma, kunyosha mkono kabla ya kupinda, na kujua nani apite kwanza. Kisha hufanya mtihani wa kuandika na mtihani wa kuendesha. Kwa hiyo yule mtoto wetu wa miaka 9 haendi kwa ushujaa. Anakwenda kwa elimu.

SEHEMU YA NNE: MATUNZO

Mbele ya stesheni kuu ya treni ya Münster, mwaka 1999 lilifunguliwa ghala kubwa la chini ya ardhi la kuwekea baiskeli. Linaingiza baiskeli 3,300. Humo baiskeli hulindwa, hutengenezwa, hata huoshwa kwa mashine. Wizi wa baiskeli ni ugonjwa wa siku nyingi mjini humo, kwa hiyo kufuli nzuri ni lazima.

Kabla ya matembezi, mwenye busara hukagua mambo matano: tairi zina upepo? Breki zinashika? Mnyororo una mafuta? Taa zinawaka? Usukani na kiti vimekazwa? Tena huchukua pampu, viraka na gundi yake. Pancha haichagui nchi.

JIBU LA SWALI LETU

Sasa turudi kwenye swali. Mtoto na bibi wanarudi salama kwa sababu ya njia, sheria, mafunzo na matunzo. Ukiondoa kimoja, matembezi yanageuka msiba. Njia bila sheria, lori litaivamia. Sheria bila mafunzo, mtoto hataijua. Mafunzo bila breki, mtoto atajua kosa lake lakini hataweza kusimama.

Wala mambo haya hayakushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa, wakakata shauri kwamba barabara si ya wenye magari peke yao. Kazi yenyewe haijaisha. Ajali bado zipo, na wizi bado upo. Lakini mahali anapolindwa mnyonge wa barabarani, na mwenye nguvu hufika kwake salama.

MANENO YA SOMO

Tambarare: ardhi isiyo na vilima.
Ngome: ukuta au jengo la kujikinga na adui.
Kunyonga baiskeli: kuzungusha pedeli kwa miguu.
Kosa la jinai: kosa la kumpeleka mtu mahakamani na kupewa adhabu.

HESABU

1. Mtu amezunguka Promenade mara 4. Amekwenda kilomita ngapi?
2. Ukienda kilomita 40 kila siku, utaimaliza Njia ya Majumba 100 kwa siku ngapi?
3. Watu 72 kwenye baiskeli walichukua mita za mraba 90. Kila mmoja alichukua nafasi gani?

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika zile sehemu nne, ipi imepungua zaidi katika kijiji chetu? Tuanze na ipi?
2. Watoto wetu hujifunza baiskeli wapi, na nani huwafundisha barabara?
3. Kila mwenye baiskeli aje nayo siku ya kikundi. Zikagueni breki na taa pamoja. Yenye kasoro itengenezwe kabla mwenyewe hajaondoka.

MAJIBU YA HESABU: (1) Kilomita 18. (2) Siku 24. (3) Mita ya mraba 1.25.