Nyekundu ya Dukani na Nyekundu ya Barabarani: Somo Kuhusu Rangi za Alama

Somo la toleo hili linahusu rangi za alama za barabarani: zina maana gani, zinatengenezwaje, na kwa nini kuzipaka upya kwa rangi ya kununua dukani, hata kwa nia njema, kunaweza kumwondolea dereva onyo alilowekewa. Tumelichagua kutokana na jambo tulilolikuta katika ziara za polisi jamii. Katika senta moja ya biashara kando ya barabara kuu iendayo mpakani, alama ya kuonya kwamba mbele kuna watoto wa shule ilikuwa imepauka, na ukingo wake mwekundu umebaki na weupe wa waridi lililonyauka. Vijana wa mahali hapo walichanga fedha, wakanunua rangi ya mafuta nyekundu, nyeupe na nyeusi, wakaipaka upya kwa ustadi. Mchana alama ile ilipendeza kuliko nyingine zote za barabara ile. Usiku, taa za gari zilipoielekea, haikuonekana kabisa.

Kwa wakazi wa mpakani jambo hili lina uzito wa pekee. Uganda ina majirani watano. Kenya na Tanzania huendesha magari upande wa kushoto kama sisi. Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia. Dereva anayeingia Mpondwe kutoka Kasindi, au Katuna kutoka Kigali, au Elegu kutoka Nimule, hulazimika kubadili upande wa barabara palepale mpakani. Usukani wake sasa uko upande usiomfaa, maandishi ya vibao yamo katika lugha ambayo huenda haijui, na mara nyingi ni usiku kwa kuwa foleni ya forodha imemchelewesha. Kitu ambacho hakikubadilika ni rangi na umbo la alama. Pembetatu yenye ukingo mwekundu humwambia Mkongo, Mnyarwanda na Mganda neno lile lile.

Ulinganifu huo ulipatikana kwa makubaliano. Mwaka 1949 itifaki ya kimataifa kuhusu alama za barabarani ilikubaliwa Geneva, na mwaka 1968 mkataba mpana zaidi ukafunguliwa Vienna. Mfumo unaotumika katika sehemu kubwa ya ulimwengu, na katika eneo letu hili, unafuata njia hiyo. Duara lenye ukingo mwekundu hukataza au huweka kikomo, kama kile cha mwendo kasi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya. Duara la buluu huamrisha jambo la kutendwa, kwa mfano kufuata njia ya kushoto. Mstatili wa buluu hutoa taarifa, kama vile mahali pa hospitali au pa kuegesha magari. Manjano au rangi ya chungwa kwenye uwanja wa alama hutumika palipo na kazi za ujenzi, na maana yake ni kwamba hali ya barabara ni ya muda, haitakuwa kama ulivyoizoea jana.

Msomaji makini atauliza: kwa nini maumbo yatofautiane ikiwa rangi zinatosha? Ni kwa sababu wako watu ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, hali hiyo humpata takriban mmoja katika kila 12. Kwa wanawake ni nadra sana. Kwa watu wa asili ya Afrika kiwango ni cha chini zaidi, lakini hali yenyewe ipo. Ndiyo maana alama ya kusimama ina pembe nane na ile ya kupisha ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Hakuna alama nyingine zenye maumbo hayo, na dereva huzitambua hata akiziona kwa nyuma.

Sasa tuitazame rangi nyekundu kwa karibu, maana ndiyo yenye kazi kubwa na ndiyo inayotusumbua zaidi. Jua huila. Miale ya jua, hasa ile ya urujuanimno, huvunjavunja chembechembe zinazoipa rangi wekundu wake, na nyekundu nyingi hupauka mapema kuliko buluu au nyeusi iliyo pembeni yake. Tatizo hili ni la zamani na si la Afrika peke yake. Nchini Marekani alama ya kusimama ilikuwa na uwanja wa manjano kwa miongo kadhaa. Watu walijua kwamba nyekundu ingefaa zaidi, ila hawakuwa na nyekundu ya kudumu nje, juani na mvuani. Ilipopatikana, mwaka 1954 kanuni zao zikabadilishwa na alama hiyo ikawa nyekundu. Basi mtu akiona alama yetu imepauka baada ya miaka kadhaa ya jua la ikweta, asidhani mara moja kuwa kuna aliyezembea.

Ila jua ni nusu tu ya maelezo. Nusu ya pili ni giza, na hapa ndipo vijana wetu wa ile senta walipokwama bila kujua.

Alama ya barabarani haipakwi rangi kama mlango. Juu ya bati lake hubandikwa utando maalumu unaoakisi mwanga. Ndani ya utando huo mna chembe ndogo mno za kioo, au vijipembe vidogo vilivyopangwa kwa ustadi, ambavyo kazi yake ni kuupokea mwanga wa taa za gari na kuurudisha kule kule ulikotoka. Ukuta mweupe huutawanya mwanga pande zote. Kioo cha kujitazamia huutupa upande mwingine. Utando huu humrudishia dereva mwenyewe mwanga wake. Ndiyo maana alama inamwakia anayeendesha, ilhali mtembea kwa miguu aliye pembeni anaiona hafifu.

Wekundu wa ukingo, basi, umewekwaje? Kwa wino au utando mwembamba unaopitisha mwanga, juu ya utando mweupe unaoakisi. Mwanga wa taa hupenya ule wekundu, hugonga chembe za kioo, hurudi ukipita tena katika wekundu, na kumfikia dereva ukiwa mwekundu. Rangi ya mafuta ya dukani haipitishi mwanga. Ukiipaka juu ya ukingo, mwanga huishia hapo. Usiku ukingo huo hauwi mwekundu, bali mweusi, na alama ya kukataza hugeuka kuwa kisahani cheupe kisicho na maana. Ukiipaka alama nzima, pamoja na uwanja wake mweupe, umeizima kama mtu anavyozima taa. Nyeusi pekee haidhuriki kwa namna hiyo, kwa kuwa picha nyeusi haikukusudiwa kuakisi. Huonekana usiku kama kivuli juu ya weupe unaong'aa.

Ni dhahiri kwamba vijana wale walistahili shukrani kwa moyo wao, nasi tuliwashukuru. Lakini sheria inakataza mtu asiye na mamlaka kubadili alama ya barabarani, na sababu mojawapo ya katazo hilo ni hii tuliyoieleza. Shule ilipoteza onyo lake la usiku na la alfajiri, saa ambazo watoto wa mbali huwa tayari wako njiani.

Tuje kwenye suala la kufananisha rangi. Wengi wetu tunasema "nyekundu" tukidhani tumemaliza. Lugha yetu yenyewe huikunja rangi hii kwa upana: damu ni nyekundu, na udongo wa barabara zetu za vumbi ni mwekundu, ingawa hakuna anayeweza kusema vinafanana. Manjano tumeyapata kutokana na kiungo cha jikoni, kijani kutokana na jani, na kila mpishi anajua kwamba manjano ya duka hili si ya duka lile. Neno halitoshi kuagizia rangi ya alama.

Jicho nalo halitoshi. Mtazame fundi cherehani mzuri. Anapotafuta uzi wa kushonea kitenge, haamui akiwa ndani ya kibanda chini ya taa. Hutoka nje, huuweka uzi juu ya kitambaa, hutazama kwenye mwanga wa mchana. Anajua kwamba rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Mwanga wa taa ya dukani si sawa na mwanga wa jua, wala wa jua si sawa na wa taa za lori. Kwa hiyo wanaotengeneza alama hawategemei jicho la muuzaji. Hutumia vipimo vilivyojengwa juu ya mfumo uliowekwa mwaka 1931 na tume ya kimataifa inayoshughulikia mwanga, ambamo kila rangi hupewa mahali pake kwenye mchoro kwa namba. Kiwango cha alama hutaja eneo dogo kwenye mchoro huo, na nyekundu inayoangukia nje ya eneo hilo hukataliwa, hata kama machoni inapendeza. Hupimwa kwa kifaa, chini ya mwanga wa kawaida uliokubaliwa kuwakilisha mchana; na pamoja na rangi hupimwa kiasi cha mwanga ambao utando unarudisha.

Kwa matumizi ya kawaida yapo pia madaftari ya rangi yenye namba. Lijulikanalo sana ni RAL, lililoanzia Ujerumani mwaka 1927 likiwa na rangi 40. Humo zimo rangi zilizopewa jina la usafiri wa barabarani: nyekundu ni RAL 3020, manjano RAL 1023, buluu RAL 5017, kijani RAL 6024, nyeupe RAL 9016. Tunazitaja kwa sababu shule, misikiti, makanisa na wenye vituo vya mafuta huagiza mabango ya malangoni kwa mafundi wa kuandika, na fundi akipewa namba hatabahatisha. Hata hivyo tuelewane: namba hiyo hukupa rangi ya mchana tu. Kopo la rangi lenye namba sahihi bado ni kopo la rangi, na bango linalotakiwa kuonekana usiku linahitaji utando. Tunawaomba pia wafanyabiashara wasitengeneze matangazo yenye umbo na rangi za alama za barabarani. Tangazo la soda lenye pembe nane nyekundu humfundisha dereva kupuuza pembe nane nyekundu.

Kanuni ya rangi haiishii kwenye nguzo za barabarani. Katika magari, nyeupe ni ya mbele na nyekundu ni ya nyuma, na viakisi vya ubavuni ni vya rangi ya kaharabu. Waendesha bodaboda wengine, kwa kutafuta urembo, hufunga taa au viakisi vyekundu mbele. Anayekuja usiku akiona nyekundu hudhani anamfuata mtu anayeenda upande wake, na kumbe mtu huyo anamjia. Tafadhalini, viondoeni. Lori likiharibika, zile pembetatu mbili zinazoakisi ndizo zinazotakiwa kuwekwa nyuma na mbele yake. Matawi ya miti tuliyoyazoea hayarudishi mwanga, na mara nyingi huachwa barabarani lori likishaondoka.

Kuna mambo ambayo wanakijiji wanaweza kuyafanya wenyewe, nayo ni ya maana. Vumbi jekundu la barabara zetu huugeuza uwanja mweupe kuwa wa hudhurungi na kuuzuia mwanga; kwa idhini ya wasimamizi wa barabara, alama inaweza kuoshwa kwa maji, sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Msitumie thina, petroli wala sufi ya chuma, kwani huharibu utando. Majani yanayoifunika yakatwe. Mabango ya kampeni na ya matamasha yasigandishwe juu yake. Na anayeng'oa bati la alama akaliuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu ajulikane kwa mwenyekiti wa kijiji, naye atufikishie habari.

Kuijua alama iliyokufa ni rahisi. Usiku, mkiwa wawili au watatu, nje kabisa ya njia ya magari, simameni hatua 30 hivi kutoka kwenye alama. Mmoja ashike tochi karibu na sikio lake, usawa wa macho, aielekeze kwenye alama. Iliyo hai itamwakia. Kisha ashushe tochi hadi magotini. Ataona mng'ao umepungua, kwa kuwa mwanga unarudi kwenye tochi badala ya machoni. Isiyong'aa popote, au inayong'aa kwa mabaka, imekwisha kazi yake.

Mkiikuta ya namna hiyo, leteni habari kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, nasi tutaifikisha kwa wanaohusika na barabara. Tajeni jina la barabara, kijiji, upande ilipo alama kwa mtu anayeelekea mpakani, umbo lake na picha iliyomo. Andikeni pia kama inaonekana vizuri mchana lakini usiku haionekani, kwa kuwa mkaguzi atakayekuja saa nne asubuhi hataligundua hilo peke yake.