SOMO LA KIKUNDI: UJUMBE UPITIE KWA NANI?



Upande wa Bahati, akina mama wafugaji walitueleza jambo lililowauma. Daktari wa mifugo alituma habari kwamba Jumanne angekuja kuchanja ng'ombe. Ujumbe ulimfikia mwenyekiti peke yake, naye alikuwa matangani Molo, simu imezima. Daktari akakuta watu wanne, akaenda zake. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia, kuna nyumba ilikosa maziwa ya kulipa karo.

Tusimlaumu mwenyekiti. Njia ya ujumbe ilikuwa moja tu.

Wengine husema basi kila mtu apigie kila mtu. Hapana! Watu 20 wakifanya hivyo ni simu 380, na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Afadhali mchague karani wa ujumbe, na msaidizi wake. Kila habari ije kwake kwanza. Katika daftari atenge kurasa: mifugo, mikopo, msiba. Kila ukurasa uwe na majina ya wanaohusika. Habari ya chanjo iende kwa wenye ng'ombe. Ya msiba iende kwa wote. Anayeleta habari hana haja ya kujua nani ana ng'ombe. Hiyo ni kazi ya daftari.

Ujumbe usimame laini kama debe za mahindi pale kwa kinu, na usikatwe mpaka mwenyewe aseme, "Nimepata." Asipojibu, ubaki hapo, ajaribiwe tena jioni, kisha atumwe jirani. Hata kompyuta za benki zinapopeana habari, mara nyingi kuna programu katikati inayoshika foleni hivi hivi.

Lakini angalieni: mtu anaweza kupata ujumbe, jibu lake lipotee, atumiwe tena. Kumbe analipa mchango mara mbili! Kwa hiyo kila ujumbe upewe namba. Namba 14 ikirudi, anajua ni ile ile.

Sisi wa Bonde la Ufa tunajua ujumbe unaweza kuua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vitisho vilizunguka kwa simu. Kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, mpango wa Uwiano ulifungua namba 108, bila malipo. Aliyeona dalili za fujo alituma ujumbe huko, ukachunguzwa, kisha ukaelekezwa kwa kamati za amani au wakuu wa usalama wa mahali hapo. Haukutangazwa ovyo. Kwa hiyo karani naye aulize kwanza: umeona mwenyewe, ama umesikia?

Mzungumzie katika kikundi:
Ni habari gani ilichelewa kwetu mwaka huu, na ilikwama kwa nani?
Wasio na simu watafikiwa na nani?
Karani akisafiri, daftari litakaa wapi?