Herufi B: Kutoka Kifuko cha Kuku Hadi Wodi ya Watoto

Mtoto wa kiume huzaliwa akiwa na afya njema, akanyonya na kunawiri. Inapokaribia miezi sita, kingamwili alizopewa na mama zikiwa zinakwisha, huanza kuugua: masikio yanatoka usaha, kisha nimonia, kisha nimonia tena. Antibiotiki humpa nafuu, lakini nafuu haidumu. Ajabu ni kwamba tetekuwanga ikimpata, kwa kawaida hupona kama watoto wengine.

Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alieleza habari za mtoto wa namna hii mwenye umri wa miaka 8. Damu yake haikuonyesha gamaglobulini, yaani sehemu ya damu inayobeba kingamwili. Bruton alimdunga gamaglobulini iliyotokana na damu ya watu wengine, na mtoto akapata ahueni. Tiba, basi, ilitangulia maelezo.

Sehemu kubwa ya maelezo hayo tunadaiwa na Max Cooper, daktari wa watoto aliyezaliwa Mississippi mwaka 1933. Mwaka 1963 alijiunga na Robert Good katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Huko alisumbuliwa na wagonjwa wa aina nyingine: wavulana wenye ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, ambao seli zao za kutengeneza kingamwili zilikuwapo, lakini virusi vya hepesi viliwaangamiza. Walikuwa kinyume cha mtoto wa Bruton. Ikiwa limfosaiti zote ni ukoo mmoja, kama wengi walivyodhani wakati ule, iweje kila kundi likose nusu tofauti ya kinga?

Jibu lilianzia kwa kuku. Karibu na tundu la haja la kuku kuna kifuko kidogo kiitwacho bursa. Huko Ohio, Bruce Glick na Timothy Chang waligundua kwamba kuku walioondolewa bursa wakiwa wachanga walishindwa kutengeneza kingamwili. Jarida la Science liliikataa makala yao. Ikachapishwa mwaka 1956 katika jarida la wataalamu wa ufugaji wa kuku, ambalo matabibu wachache walilisoma.

Cooper aliongeza hatua moja yenye maana kubwa. Alitambua kwamba kifaranga anapoanguliwa, baadhi ya seli zimekwisha kutoka katika bursa na kusambaa mwilini. Kwa hiyo kuiondoa peke yake hakutoshi. Baada ya upasuaji, vifaranga walipigwa mionzi ili seli hizo zife. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1965, yalikuwa bayana. Wasio na bursa hawakuwa na kingamwili wala seli za plazma, ingawa limfosaiti za thaimasi zilibaki. Walioondolewa thaimasi walipungukiwa limfosaiti na uwezo wa kukataa ngozi ya kupandikizwa, lakini seli za plazma walikuwa nazo. Koo zilikuwa mbili: seli T za thaimasi na seli B za bursa.

Lakini binadamu hana bursa. Mbadala wake ulitafutwa kwa miaka kadhaa, hata katika utumbo, bila mafanikio. Mwaka 1974, jijini London, Cooper pamoja na Martin Raff na John Owen walionyesha katika panya kwamba seli B huzaliwa katika ini la kijusi, na baadaye katika uboho. Ndipo fumbo la mtoto wa Bruton lilipofumbuka: uboho wake huanza kutengeneza seli B, ila hazikomai. Jeni yenye kasoro, BTK, ilitambuliwa mwaka 1993. Imo katika kromosomu X. Ndiyo maana mama huibeba bila kuugua, na mwanawe wa kiume akaugua.

Cooper aliendelea na utafiti huko Alabama na Atlanta, na mwaka 2019 yeye na Jacques Miller, mtafiti wa thaimasi, walipewa Tuzo ya Lasker.

Seli B hazitengenezi kingamwili tu. Huzionyesha seli T vipande vya vijidudu, na baadhi yake hutoa interleukini 10, inayotuliza uvimbe. Zikikosea zikaushambulia mwili wenyewe, tunaweza kuziondoa kwa dawa ya rituximab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa limfoma na mwaka 2006 kwa baridi yabisi. Dawa hii haiui seli za plazma zilizokomaa. Kwa hiyo kingamwili za zamani hubaki kwa muda, bali chanjo mpya huitikiwa kwa udhaifu. Mgonjwa apimwe homa ya ini B kabla ya kuanza, maana kirusi kilicholala huweza kuamka, na chanjo anazohitaji azipate, ikiwezekana, angalau wiki 4 kabla.

Kwa muuguzi au tabibu aliye na mtoto kama yule wa mwanzo: tazama koo. Tonsili ndogo mno au zisizoonekana, kwa mtoto anayeugua kila mara, ni ishara nzito. Omba kipimo cha imunoglobulini. Usimpe matone ya polio, yenye kirusi hai. Na jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kipimo cha haraka cha VVU hutafuta kingamwili. Mtoto asiyeweza kuzitengeneza ataonekana hana maambukizi hata kama anayo. Kwake kinahitajika kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe.