Mali Bila Daftari

Wazee wetu wa mwambao walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaitamka kila siku mabarazani, lakini ni wachache kati yetu wenye daftari. Katika somo hili twataka kubainisha kwamba faida na hasara zote mbili ni waalimu, ila hazimfundishi isipokuwa mtu aliyeandika, kisha akatafuta sababu.

Mifano yetu tumeitoa Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Vijana wetu wengi hupanda bara kutafuta riziki, na wako waishio mitaani humo. Tena wachuuzi wa huko wana rasilmali ndogo, na penye rasilmali ndogo kosa huonekana upesi, kama vile tundu la dau hujulikana kabla ya tundu la jahazi.

Maradhi yetu ni haya: mtu akipata husema, "Ni akili yangu," kama alivyosema Qaruni, akikosa husema, "Nimehusudiwa," akaenda kwa mganga, akaongeza hasara juu ya hasara. Sisi hatukanushi husuda, kwani imetajwa katika Qur'ani. Lakini husuda haijapata kula kreti ya nyanya. Natutazame nani aliyeila.

Tuseme mama mmoja wa Kawangware huamka alfajiri akaenda soko la Wakulima mjini, akanunua nyanya za Sh. 4,000. Gari, hamali na ushuru wa soko ni Sh. 450. Basi rasilmali yake ya siku hiyo ni Sh. 4,450. Hata jioni ameuza vitu vya Sh. 5,200, na faida yake ni Sh. 750. Anashukuru na kusema biashara ni nzuri, na kweli ni nzuri. Lakini katika mauzo hayo, Sh. 400 ni za jirani waliokopa. Mkononi ana Sh. 4,800. Humo anatoa Sh. 500 za chakula na Sh. 300 za mtoto wa shule. Zimebaki Sh. 4,000. Asubuhi ya pili, akiisha kutenga gari, hamali na ushuru, hanazo za nyanya ila Sh. 3,550.

Siku ya faida ndiyo siku aliyopoteza Sh. 450 za rasilmali! Mwenye daftari atamwona mwizi mara moja: Sh. 400 ni deni lisiloandikwa wala kudaiwa, na Sh. 50 ni matumizi yaliyopita faida. Asiye na daftari atakwenda hivyo siku kumi, kibanda kifungwe, kisha atazamwe vibaya jirani asiye na hatia.

Na faida nayo yataka kuhojiwa. Mchuuzi akiuza maradufu juma moja, aulize: Je, ni kwa sababu ya mwisho wa mwezi, au sikukuu, au mwenzangu hakufungua? Asipojua sababu, juma la pili atanunua maradufu, na bidhaa zitamwozea. Faida isiyojulikana ilikotoka ni hasara iliyochelewa.

Sasa tuingie Kibera, tutazame jambo kubwa kuliko nyanya. Mtaa huo ulianzishwa na ndugu zetu Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliotumika katika jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Walipewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakapaita Kibra, maana yake mwitu. Mwaka 1918 eneo hilo, kiasi cha eka 4,197, lilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Wazee walijenga, wakalima, wakasimamisha misikiti, wakazika wafu wao. Lakini karatasi waliyokuwa nayo ilikuwa ruhusa ya kukaa tu. Cheti cha kukaa si hati ya kumiliki. Serikali ya kikoloni haikuwapa hati, na baada ya uhuru wa 1963 nchi iliendelea kuihesabu ardhi hiyo kuwa ya Serikali. Ni mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya pamoja ya eka 288.

Hatusemi haya kuwalaumu waliodhulumiwa. Dhuluma ni ya mwenye kudhulumu. Twasema kwa sababu humo mna mafunzo mawili. La hasara ni kwamba ahadi ya mdomo hufa pamoja na aliyeitoa. La kufaulu ni kwamba wajukuu hawakunyamaza. Walishika madai yao miaka mingi mpaka wakapata hizo 288. Nasi watu wa pwani, ni wangapi kati yetu walio katika nyumba ya babu, na hati hawajui iko kwa nani?

Huenda msomaji akasema: daftari litamfaa nini aliyeunguliwa? Ni swali la haki. Soko la Toi, kando ya Kibera, liliteketea katika fujo zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, na mwaka 2019 likaungua tena. Daftari halizimi moto. Lakini mwenye daftari ajua alikuwa na nini, amdai nani, na adaiwa na nani. Na aliyeweka akiba katika chama chenye hesabu iliyoandikwa ana pa kuanzia, hata kibanda kikawa majivu. Asiyejua alichokuwa nacho hujenga upya kwa kukisia.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, ni ya kuandika deni. Imetuamrisha tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, na tuweke mashahidi. Basi yatupasa mambo manne. Kila jioni tuandike yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyokopwa. Fedha ya duka tuitenge na ya jikoni. Kila mwezi tuketi na mtu mwaminifu, tumsomee hesabu, tuulize sababu ya kila pato na kila pungufu. Na ahadi yoyote ya nyumba, shamba au ushirika, hata baina ya ndugu wawili, iandikwe. Wala mtu asijidanganye kwa ujumbe wa M-Pesa ulio katika simu yake. Huo waonyesha fedha iliyopita, hauonyeshi faida iliyobaki.

Daftari ni la bei ndogo, na kalamu pia. Anayesoma somo hili aanze leo baada ya Isha, wala asingoje mwanzo wa mwezi. Wabillahi taufiki.