Fundi cherehani na msusi, tunza shingo na mgongo

Je, unashona au kusuka nywele hapa Dzaleka? Maumivu ya shingo, mabega na kiuno huwapata hata madaktari wa meno, ingawa hawabebi mizigo. Sababu kubwa ni kuinama muda mrefu bila kubadili mkao. Misuli iliyokaza huchoka na kuuma.

Fanya hivi:
1. Inua kazi ikufikie, usiiinamie. Msusi, kichwa cha mteja kiwe usawa wa kifua chako.
2. Kila nusu saa simama, jinyooshe, zungusha mabega.
3. Usitegemee vidonge tu. Vinatuliza maumivu, havirekebishi mkao.

Ukiona ganzi, mkono au mguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.